Alicheka picha, akaulizwa karte ya simu: safari ya muchekeshaji Idris Sultan

Mwezi wa tano mwaka 2020, polisi ya Dar es Salaam, katika inchi ya Tanzania, ilimushika mutu mumoja kwa sababu ya video. Katika ile video hatukani mutu, haombi watu wateremke barabarani, hatangazi habari ya uongo. Anaangalia picha ya zamani ya Raisi John Magufuli, wakati alikuwa angali kijana, amevaa suti kubwa kuliko mwili wake. Anaiangalia, anacheka. Anajaribu kujizuia, anacheka tena. Ni hivyo tu.

Alilala mikononi mwa polisi zaidi ya juma moja. Lakini tarehe 27 Mei, siku alipofikishwa mbele ya tribinali ya Kisutu, karatasi ya mashtaka haikusema kitu juu ya kucheka. Ilisema juu ya karte ya simu: kwamba alitumia namba iliyoandikishwa kwa jina la mutu mwingine, pasipo kujulisha kwamba mwenye kuitumia amebadilika. Aliachiliwa kwa dhamana ya shilingi milioni 15.

Huyo mutu anaitwa Idris Sultan. Ni muchekeshaji, mutangazaji wa redio na mucheza filme. Watu mingi wa Kasongo, Kabambare na Lusangi wanajua uso wake, kwa maana video za Tanzania zinafika hapa kwa WhatsApp na kwa karte memware zinazopita kutoka simu hii mpaka simu ile. Kiswahili chake kinasikika pasipo mutafsiri. Lakini wanaojua vichekesho vyake ni wengi kuliko wanaojua vilimuletea nini.

Habari yake inagusa hata mutu ambaye hajapanda kwenye jukwaa hata siku moja. Inaonyesha kwamba mara nyingi, mukubwa akikasirishwa na kicheko, sheria inayotumiwa si sheria ya kicheko. Inapitia mulango mwingine, na ule mulango unakuwa wazi kwa watu wengi.

Kutoka Arusha mpaka nyumba ya Johannesburg

Idris Sultan alizaliwa Arusha, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1993. Mbele ya kujulikana alikuwa mupiga picha. Jina lake lilitoka mwaka 2014, wakati aliingia katika mashindano ya televisheni yanayoitwa Big Brother Africa. Vijana wa inchi mbalimbali za Afrika walifungiwa katika nyumba moja huko Johannesburg, Afrika Kusini, kamera zikiwaangalia usiku na muchana, na watazamaji wakapiga kura kuamua nani abaki na nani atoke.

Mashindano ya mwaka ule yalianza tarehe 5 Oktoba na kuisha tarehe 7 Desemba. Idris alibaki wa mwisho, akapewa dola 300.000. Alikuwa Mutanzania wa pili kushinda, nyuma ya Richard Bezuidenhout aliyeshinda mwaka 2007.

Pesa ya namna hiyo ingeweza kumufanya kijana wa miaka 21 awe mutu wa matangazo ya sabuni na sherehe tu. Yeye alichagua kazi ya kuongea. Aliingia kwenye redio. Alicheza katika filme ya Kitanzania Kiumeni, iliyotoka mwaka 2017. Akaanza kusimama mbele ya watu kuchekesha. Na kwenye Instagram akapata wafuasi kwa mamilioni, hesabu ambayo magazeti mengi ya Afrika Mashariki hayafikii.

Hapo ndipo kazi yake ilibadilika uzito, hata kama vichekesho vilibaki vilevile. Mutu mwenye kuchekesha watu 50 kwenye baa hana shida na serkali. Mutu mwenye kuchekesha mamilioni, na ambaye hakuna mukubwa wa redio wa kumukatia mikro, anaonekana namna nyingine.

Kusimama peke yake na mikro

Kuna namna mbili za kuchekesha watu juu ya wakubwa, na tofauti yake ni ya maana hapa.

Namna ya kwanza ni ya kundi na muchezo. Watu wa Kongo wanaijua vizuri. Huko Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilichekesha watu kwa Kiswahili cha Shaba kwenye redio na televisheni kwa miaka mingi. Mwaka 1986, wakati wa Mobutu, waliandaa muchezo uliojengwa juu ya musemo kwamba mamlaka inaliwa nzima, haigawanywi. Muchezo ulikuwa wa kijiji, shefu wake na washauri wake. Hakuna aliyetaja Kinshasa. Kila mutazamaji alijiwekea mwenyewe majina aliyotaka, moyoni mwake. Mwanaelimu Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu ya muchezo ule, na kilitoka mwaka 1990.

Tanzania pia ilikuwa na makundi. Ze Comedy, iliyokuja kuitwa baadaye Orijino Komedi, iliiga sauti na mwendo wa wakubwa na wanamuziki kwenye televisheni, na watu walingojea saa yake. Katika muchezo wa kundi, muchekeshaji anavaa nguo ya mutu mwingine. Akiulizwa, anaweza kujibu: si mimi niliyesema, ni shefu wa kwenye muchezo.

Namna ya pili ndiyo ya Idris na vijana wa siku hizi. Vijana wa mijini wanaiita stendapu. Mutu mumoja anasimama na mikro. Hakuna shefu wa uongo, hakuna kijiji cha uongo. Anasema: mimi nimeona hivi, mimi nafikiri hivi. Kicheko ni chake na jina ni lake. Kama kuna hasira, inamufikia yeye moja kwa moja, hakuna nguo ya kujifichia.

Je, mukubwa ni mutani?

Ili kuelewa kwa nini Watanzania wengi walishangaa, inafaa kukumbuka jambo la utani. Katika inchi ile, makabila mengi yana watani wao. Mutani anaweza kukucheka sura, kukuomba vitu vyako, hata kufanya mizaha kwenye kilio cha ndugu yako, na wewe huwezi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiwe umeharibu. Hapa Maniema pia, mujukuu anaweza kumwambia babu yake maneno ambayo mutoto hawezi kumwambia baba yake.

Magufuli mwenyewe alikuwa mutu wa mizaha. Kwenye mikutano yake alichekesha watu, akatania makabila, akacheka na wamama wa sokoni. Watu wengi walidhani: raisi mwenye kutania, anataniwa pia. Lakini utani una kanuni yake: unakwenda pande zote mbili. Kama mumoja anacheka na mwingine hana ruhusa ya kujibu, hapo haupo tena utani. Ni mukubwa anayejifurahisha mbele ya watu wake.

Picha ya siku ya kuzaliwa

Shida ya kwanza ilifika mwisho wa mwezi wa 10, mwaka 2019. Raisi Magufuli alizaliwa tarehe 29 Oktoba. Kwa siku hiyo, Idris alitia kwenye mitandao picha mbili alizotengeneza kwa programu ya kubadilisha sura. Moja ilionyesha uso wa Idris kwenye mwili wa raisi, amekaa kwenye kiti cha serkali. Nyingine ilionyesha uso wa raisi kwenye mwili wa Idris. Akaeleza kwamba wamebadilishana kazi siku moja, ili raisi apate kufurahia siku yake ya kuzaliwa kwa amani.

Paul Makonda, aliyekuwa mukuu wa mukoa wa Dar es Salaam wakati ule, alimujibu hapo hapo kwenye Instagram, mbele ya watu wote. Alimwambia kwamba hajui mipaka ya kazi yake, na akamwamuru aende kujileta kwenye kituo cha polisi.

Idris alikwenda. Aliulizwa maswali, akaachiliwa kwa dhamana. Mwanasheria wake alieleza kwamba polisi walimuuliza juu ya sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2015, sehemu inayokataza kujifanya mutu mwingine. Azabu yake inaweza kufika miaka 7 ya gereza.

Sheria hiyo, mutu akiisoma kwa utulivu, ataona inafikiria mwizi: yule anayechukua jina lako na picha yako ili aombe pesa kwa ndugu zako. Hapa Maniema pia watu wanajua wizi wa namna hiyo kwa simu. Lakini nani angedanganyika kwamba Idris Sultan amekuwa raisi wa Tanzania? Picha ilichekesha kwa sababu kila mutu aliona ni uongo. Hapo tayari mulango mwingine ulikuwa umetumiwa.

Mulango wa karte ya simu

Miezi 7 nyuma yake, ndipo ikafika ile video ya suti. Safari hii hakukuwa na picha iliyotengenezwa wala jina lililochukuliwa. Kulikuwa kicheko tu. Mitandaoni watu wakaanza kuomba aachiliwe, na mashirika ya haki za binadamu yakapaza sauti.

Kwa nini karte ya simu? Inafaa kujua kilichotendeka mbele kidogo. Mwezi wa tano 2019 Tanzania ilianza kuandikisha upya karte zote za simu kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mwisho uliwekwa tarehe 20 Januari 2020, na nyuma yake karte ambazo hazijaandikishwa zikaanza kufungwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: kupunguza wizi na uhalifu kwa simu. Lakini katika inchi ya watu milioni makumi, karte zilizonunuliwa na dada, mume, bosi ao rafiki zilikuwa nyingi sana. Tangu siku ile, kila mutu wa namna hiyo alikuwa na kosa mufukoni, analala nalo, anaamuka nalo, na hakuna anayemuuliza.

Hakuna anayemuuliza, mpaka siku anapochekesha mutu ambaye hakufaa kuchekeshwa.

Kulikuwa tena na mulango wa tatu. Mwaka 2018, kanuni za Tanzania zilianza kuomba mutu aliyetangaza habari na maonyesho kwenye intaneti apate kibali cha TCRA, ofisi inayosimamia mawasiliano. Mwanzoni gharama zake zote zilifika shilingi milioni 2 na laki moja, karibu dola 900. Kwa kampuni kubwa haikuwa kitu. Kwa kijana mwenye simu moja na vichekesho vyake, ulikuwa mulango uliofungwa. Na Idris alishtakiwa pia juu ya hilo, kurusha maonyesho mitandaoni pasipo kibali.

Tukiweka mambo haya matatu pamoja, picha inaonekana: kujifanya mutu mwingine, karte ya simu, kibali. Hakuna hata moja linaloitwa kicheko. Mutu wa inje akisoma karatasi za tribinali peke yake, atafikiri ni habari ya mutu asiyejua kuandikisha vitu vyake. Ndiyo nguvu ya mulango mwingine. Serkali haihitaji kusimama mbele ya watu na kusema: kumucheka raisi ni kosa. Maana ikisema hivyo, watu watacheka zaidi.

Majirani walipita njia zao

Kenya ilijua mambo haya mapema. Mwisho wa miaka ya 1990, wanafunzi watatu wa chuo kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, waliunda kundi la Redykyulass. Wakaanza kumuiga Raisi Daniel arap Moi kwenye televisheni, sauti yake, mukono wake, fimbo yake. Moi alikuwa ametawala tangu 1978, na kwa miaka mingi kumuiga mbele ya watu lilikuwa jambo la hatari. Yeye akatoka kwenye kiti mwaka 2002. Wao wakaendelea na kazi.

Kilichofuata kinaonyesha kicheko kinaweza kumufikisha mutu wapi. Walter Mong'are, ambaye wengi wanamujua kwa jina la Nyambane, akawa sauti ya asubuhi kwenye redio Kiss 100 pamoja na Caroline Mutoko. Baadaye alifanya kazi ndani ya serkali, na mwaka 2022 akataka kugombea uraisi. Tume ya uchaguzi ilimukubali kwanza, kisha ikamutoa juu ya karatasi zake za diplome. John Kiarie yeye alichaguliwa mujumbe wa bunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, akachaguliwa tena 2022. Sasa ni yeye anayechekwa na vijana wa leo.

Uganda njia ilikuwa ngumu zaidi. Mwezi wa 7 mwaka 2020, miezi miwili tu nyuma ya Idris, polisi ya Kampala iliwafunga wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto. Katika video yao waliomba watu wawaombee kwa Mungu wakubwa wa inchi, wakataja cheo na jina, cheo na jina. Hawakuongeza neno lingine. Lakini musikilizaji aligundua kwamba karibu wote waliotajwa wanatoka upande mumoja wa inchi. Hawakushtumiwa kwa kumucheka mukubwa. Walishtumiwa kwa kuchochea ubaguzi wa kikabila. Mulango mwingine tena.

Na Kongo?

Katiba ya Kongo iko wazi. Kifungu cha 23 kinatoa haki ya kusema mawazo, na kifungu cha 24 haki ya habari. Lakini vifungu vyote viwili vinaongeza kwamba haki hizo zinatumiwa kwa kuheshimu utaratibu wa watu wote na tabia njema. Na ndani ya sheria, milango si michache.

Kuna sheria ya tarehe 16 Desemba 1963, inayoazibu kumuvunjia heshima mukuu wa inchi. Imepita Kasavubu, Mobutu, Kabila wawili, na ingali pale. Kuna komisio ya taifa ya kuchunguza nyimbo na maonyesho. Mwezi wa 11 mwaka 2021 komisio hiyo ilikataza wimbo Nini Tosali Te wa kundi la MPR na wimbo wa Bob Elvis uliokuwa kama barua kwa Raisi Tshisekedi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya karatasi: hazikupita kwenye komisio mbele ya kutangazwa. Watu wengi waliuliza ni nyimbo ngapi za mapenzi zinazopita pale, na hakuna anayezikataza. Nyuma ya siku chache, katazo juu ya MPR likaondolewa.

Na tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna sheria kubwa ya mambo ya mitandao. Kifungu chake cha 360 kinaazibu mutu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mutu mwingine kwenye mitandao, na pia mutu anayeipitisha. Neno hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa na kila mutu mwenye simu. Si yule aliyetengeneza peke yake. Ni pamoja na yule wa Lusangi ambaye aliipata usiku, akacheka, akaitupa katika makundi matano mbele ya kulala.

Inamaanisha nini kwa watu wa hapa

Neno la kwanza ni la karte ya simu. Katika Kongo pia sheria inaomba kila karte iandikishwe kwa jina la mwenye kuitumia. Lakini katika vijiji vingi, mama anatumia karte ya mutoto wake, mwanafunzi anatumia ya mujomba, na muchimba dhahabu anatumia ile aliyoinunua barabarani ikiwa tayari imefunguliwa. Siku zote ni salama. Siku jina la kundi la WhatsApp linapofika kwenye meza ya mukubwa, si salama tena, na anayeitwa wa kwanza ni yule ambaye jina lake liko kwenye karte, hata kama hajaona ile video. Kwenda kwa wakala wa kampuni ya simu na kitambulisho, hata karte ya uchaguzi, kunamaliza shida ya mbele.

Neno la pili ni la redio. Mutangazaji wa redio ya kijiji hana mamilioni ya wafuasi wa kumuombea kama Idris alivyoombewa. Idris alikuwa na wanasheria, waandishi wa habari wa dunia nzima, na jina. Na bado alilala polisi zaidi ya juma moja. Ndiyo maana kwa redio ndogo, karatasi za ruhusa, za mawimbi, za CSAC, ni sehemu ya uhuru wa kusema. Redio yenye karatasi zake zote inamulazimisha anayekasirika aseme wazi kilichomukasirisha. Na akisema wazi, watu watapima wenyewe.

Neno la tatu ni la kicheko chenyewe. Si kila kinachochekesha ni haki. Kumucheka mukubwa juu ya barabara ambayo haikujengwa, juu ya ahadi, juu ya suti, ni jambo moja. Kucheka kabila la jirani katika sehemu ambamo watu walikwisha kukimbia nyumba zao kwa sababu ya vita na uhasama, ni jambo lingine kabisa. La kwanza linapanda juu, kwa mwenye nguvu, ambaye ana polisi na tribinali za kujilinda. La pili linashuka chini, kwa mutu ambaye kesho anaweza kuamka na panga mulangoni. Muchekeshaji mwenye akili anajua tofauti hiyo, na mutangazaji anapaswa kuijua zaidi, kwa maana redio inaingia katika nyumba za pande zote mbili kwa saa ileile.

Nyuma ya kesi

Idris Sultan hakuacha kazi. Mwaka 2021 alionekana katika Slay, filme ya Afrika Kusini iliyotolewa kwenye Netflix, na Watanzania walifurahi kuona mutoto wao kwenye kioo hicho. Mwaka uleule, tarehe 17 Machi, Raisi Magufuli alifariki. Siku mbili nyuma yake Samia Suluhu Hassan akaapishwa.

Raisi alibadilika, lakini sheria ya mitandao ya 2015 ilibaki pale ilipokuwa, na vilevile kanuni za karte za simu. Kongo pia, ile sheria ya 1963 imeona maraisi wanne wakiondoka. Mukubwa mwenye kupenda mizaha anaweza kuiacha ilale. Anayefuata anaweza kuiamusha. Wanaotaka kucheka pasipo kuogopa wana kazi ya kuwauliza wajumbe wao wa bunge, wa Kasongo na wa Kabambare, wakati wanakuja kuomba kura: ile sheria mutaifanya nini? Ni swali la kuuliza mbele ya mutu kufungwa, kwa maana akisha kufungwa, wanasheria watajibu juu ya karte ya simu tu.